Boti nyota tano, dalali nyota mbili: wiki yetu ya katamarani Phuket, na kwingine Asia nilikopaona

Naanza na dalali maana hasira zangu zote ziko hapo, boti nitaisifia baadae mpaka mchoke.

Tulikuwa watu wanane, wanandoa jozi tatu na mabachela wawili, tumechanga mwaka mzima kwenye grupu la wasap, kila mwezi kila mtu anatuma chake na mweka hazina (mimi) anasumbuana na wale wale wawili. Lengo moja tu, kukodi boti ya kifahari wiki nzima kusini mwa Thailand, na nahodha wake na mpishi wake, sisi kazi yetu kula na kuogelea. Tukampata dalali mtandaoni, jina la kampuni naliacha, picha zao maji ya bluu mpaka unasikia chumvi mdomoni, na akatupa bei iliyokuwa karibu nusu ya tulizoziona kwingine. Akaiita bei ya msimu wa kijani. Sisi tukaona tumelamba dume. Ratiba aliyotutumia ilikuwa siku mbili Similan, siku moja Phi Phi na Maya Bay, siku mbili ghuba ya Phang Nga, zinazobaki mtachagua wenyewe. Tarehe wiki ya pili ya mwezi wa sita.

Sasa nisikilizeni hapa. Visiwa vya Similan ni hifadhi ya taifa na kila mwaka vinafungwa kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Vinafungwa kabisa. Sio kwamba mvua ikinyesha mtaangalia, hapana, havipokei wageni, na hili kila mtu wa boti Phuket analijua kama anavyojua jina lake. Yule dalali alituuzia siku mbili za sehemu iliyofungwa, akapokea asilimia 50 siku ya kusaini, akapokea nusu ya pili siku 30 kabla ya safari, na muda wote huo hajasema neno. Tumekuja kuambiwa na nahodha tukiwa tumeshapanda, tena kaambiwa yeye atuambie!

Na kinachoniuma zaidi sio dalali, ni mimi mwenyewe. Mswahili mzima, maneno kaskazi na kusi nimeyasikia tangu sijajua kusoma, alafu nalipa hela kwenda pwani ya magharibi ya Phuket mwezi wa sita, yaani kusi limekolea. Maana ni pepo zile zile jamani, bahari ni ile ile. Kusi likishavuka ikweta linajipinda, kule linafika likitokea kusini magharibi, limebeba mvua yote ya Bahari ya Hindi na linaipiga Phuket usoni. Miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, upepo unatokea upande wa bara, mkavu, na ile pwani ya magharibi inatulia kama sinia. Ukilijua hilo tu umeshajua nusu ya kalenda ya boti za Asia, na hakuna dalali atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Basi. Marina kubwa za Phuket ziko upande wa mashariki wa kisiwa, na hapo ndo bahati yetu ilipokuwa. Tumefika mchana, jua kali na wingu jeusi kwa nyuma, tukapokelewa na kapu. Kapu la viatu! Unavua hapo hapo gatini unaweka kwenye kapu na hutaviona tena mpaka siku ya kushuka, mtaalamu wetu mmoja alikuja na viatu vya ngozi vya kupigia picha, vimekaa kapuni siku saba. Boti ni katamarani, yaani boti ya matumbo mawili yaliyounganishwa kwa juu, ya futi 52, kabini nne za wageni kila moja na choo chake, mabaharia wana vijumba vyao vidogo omo, kule mbele ya boti. Mabaharia watatu: nahodha mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kijana wa deki, na dada mpishi. Wenzie walimwita nahodha "Bang", nikauliza maana yake nini nikaambiwa ni kaka mkubwa, Waislamu wa kusini mwa Thailand ndo wanavyoitana. Mzee mwenyewe ni mtu wa Koh Yao (koh ni kisiwa). Nikamtolea salamu, asalamu alaykum, akaitikia huku ananiangalia mara mbili, na kuanzia hapo mambo yakawa mepesi, mpaka tunashuka sote tunamwita Bang.

Akatukalisha kwenye meza ya nyuma akatandika chati. Hakuzunguka. Akaweka kidole Similan, akatikisa kichwa. Akaweka kidole Maya Bay akasema pale kwa kalenda kumefunguliwa, lakini boti haziruhusiwi kuingia ghubani tangu walipofungua tena mwaka 2022 baada ya kufunga toka 2018 matumbawe yapone, unashushwa kwa nyuma, upande wa Loh Samah, unatembea, na kuogelea hakuna, na kwa mawimbi ya wiki hii yeye hatupeleki. (Na Agosti na Septemba wanafunga kila mwaka, andikeni hilo mahali.) Alafu akaweka kiganja kizima juu ya ghuba ya Phang Nga akasema hapa. Kisiwa chote cha Phuket kinasimama kati ya ghuba hiyo na kusi, ni kama umeegesha nyuma ya ukuta. Wenzangu wawili wakanuna kabisa, walishawaambia watu kazini kwamba wanaenda Similan.

Kufika siku ya tatu walionuna ndo waliokuwa hawataki kuondoka.

Sijui nianzie wapi kuieleza Phang Nga. Ni maji ya kijani, mazito, yana tope, sio ya kuvaa miwani uangalie samaki, huoni hata mguu wako mwenyewe, na dalali kama angekuwa mkweli angesema hivyo. Lakini juu ya maji! Majabali ya chokaa yamesimama wima mamia, mengine kama jengo la ghorofa arobaini, miti imeota ubavuni bila udongo, na mvua ikinyesha yanatoa mvuke kama yamepikwa. Na ndani ya mengine kuna uwazi, Wathai wanauita hong, chumba. Jabali kwa nje limeziba kote, kwa ndani limetoboka mpaka juu mbinguni, na njia ya kuingia ni pango moja jembamba chini usawa wa maji.

Hapo ndo utamjua nahodha. Siku ya pili tumelala chini ya Koh Panak, saa kumi na moja alfajiri Bang anagonga mlango taratibu, amkeni. Kwa nini sasa hivi? Kwa sababu wiki ile ilikuwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na bamvua kule maji yanapanda na kushuka karibu mita 3, kwahiyo pango lina dirisha lake la saa moja hivi. Yakijaa sana paa linakugusa pua na hupiti, yakipwa sana unakwama kwenye tope na kayaki yako. Tukaingia wawili wawili, kijana wa deki mbele na tochi kichwani, harufu ya popo inakukata koo, kuna sehemu nililala chali kabisa kwenye kayaki nikawa nausukuma mwamba kwa viganja kama mtu anayejiingiza chini ya gari. Giza, tone moja linadondoka mbali, mke wa rafiki yangu nyuma anasoma dua kwa sauti. Alafu ukatokea. Mwanga. Kiwanja cha maji kimezungushiwa kuta mpaka juu, mikoko katikati, kimya mpaka unasikia maji yanadondoka kwenye kasia. Hakuna mtu aliyeongea. Tulikaa kama dakika ishirini mpaka kijana akaangalia alama ya maji ukutani akasema twendeni, na tulipofika nje zile boti za watalii wa siku ndo zinaanza kushusha watu, foleni ya kayaki kama stendi. Hiyo tofauti ya saa moja na nusu ndo ulicholipia, sio shampeni, sio yale mataulo yaliyokunjwa kama bata.

Ule mwamba maarufu kama msumari uliosimama ncha chini, Ko Tapu, ule wa kisiwa cha James Bond, tuliuona kwa mbali saa kumi na mbili jioni boti zimeshaondoka, ukaribu wenyewe hauruhusiwi, piga picha pita. Kilichonigusa mimi ni Koh Panyee. Kijiji kizima kimejengwa juu ya nguzo ndani ya bahari, wamejibana kwenye ubavu wa jabali moja, Waislamu wavuvi asili yao visiwa vya Kimalay, na msikiti wao una kuba la dhahabu unaliona kutoka mbali sana. Wana uwanja wa mpira unaoelea, vijana wa mwaka 1986 walijiungia wenyewe wa kwanza kwa mbao, ardhi haipo wafanye nini. Mchana kijiji ni soko la watalii, kwelikweli ni kero, shanga na fulana kila hatua. Sisi tuliegesha usiku umbali kidogo, na alfajiri ile adhana ikaja juu ya maji, ikagonga majabali ikarudi, kama wanaadhini misikiti mitatu. Bang yuko tezi, kule nyuma ya boti, anatawadha kwa bomba la kuogea. Basi hiyo asubuhi siwezi kuiwekea nyota.

Turudi kwenye boti maana hii ni rivyu. Usafi kumi kwa kumi. Chakula kumi kwa kumi, ile fomu ya kujaza mapendeleo walioituma kabla waliisoma kweli, mmoja wetu hali vitu vya magamba na siku zote saba sahani yake ilikuja peke yake bila kuulizwa, kwenye jiko dogo kuliko kabati langu. Vitanda poa. Maji ya kuoga ndo ugomvi, boti ina mtambo wa kugeuza maji ya bahari lakini ghuba ina tope kwahiyo mtambo unazimwa usizibe chujio, mkabaki na tangi peke yake, na watu wanane kila mmoja anaosha chumvi mara nne kwa siku, siku ya tatu Bang akaja na uso wa mzazi mwenye ada ya shule. Tukapangiana zamu. Choo cha boti pia kina adabu yake, karatasi haiendi humo, haiendi, haiendi, na tulipoziba (sitamtaja) kijana wa deki alifanya kazi ambayo bakshishi yake niliiongeza mimi binafsi.

Kasoro kubwa ya boti ni moja, jenereta. Bila jenereta hakuna kiyoyozi, na mwezi wa sita bila kiyoyozi kabini ni tanuri, kwahiyo usiku kucha linaunguruma chini ya kitanda cha kabini za tezi. Kama mnagawana kabini, za omo wapeni wenye usingizi mwepesi. Na kama wewe ni mtu wa tanga, mtu unayetaka kusikia chombo kinalala upande na maji yanapita ubavuni, jua kwamba katamarani ya kifahari na ghuba yenye majabali sio mahali pake. Tulipandisha tanga mara tatu siku saba. Upepo unakatwa na mawe, ukija unakuja kwa hasira na mvua yake. Alasiri moja mashariki ya Koh Yao Noi tuliiona inakuja, ukuta mweupe juu ya maji, Bang akakimbilia omo mwenyewe akaachia mnyororo wa nanga zaidi, akakaa pale na mvua yake mkono uko juu ya mnyororo anausikiliza kama nanga inakokota. Nusu saa. Alafu jua, na dada mpishi analeta ndizi za kukaanga kama hakuna kilichotokea.

Sasa pesa, maana hapa ndo wengi mnaliwa. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya boti na mabaharia tu. Juu yake Thailand inaweka kodi ya asilimia 7. Alafu kuna kitu wanakiita APA, pesa ya matumizi mnayotanguliza, kawaida asilimia 25 mpaka 35 ya bei ya kukodi, hiyo ndo inanunua dizeli, chakula, vinywaji, ada za hifadhi, gati. Alafu bakshishi ya mabaharia, kule watu wanatoa kama asilimia 10, sio lazima kisheria lakini ni lazima kiubinadamu. Kwa mfano tu wa hesabu, boti imetangazwa dola 15,000. Weka kodi 1,050, weka APA ya asilimia 30 ni 4,500, weka bakshishi 1,500, umefika 22,050 na bado hujakata tiketi ya ndege. Dalali wetu kodi hakuitaja mpaka ankara ya pili. APA aliitaja kwa maandishi yale madogo ya kwenye kopo la dawa.

Ila APA yenyewe sio wizi, watu wanaisema vibaya bure. Ni pesa yenu, nahodha anaishika kwa niaba yenu, na inayobaki inarudi. Bang alikuwa na daftari lenye jalada la plastiki, kila risiti imebandikwa kwa gundi, mpaka ya barafu, mpaka ya vitunguu, siku ya mwisho akatukalisha tena pale pale mezani akatuhesabia baht moja moja, akatoa bahasha. Iliyobaki ilitosha chakula cha usiku cha watu wote nane. Sababu kubwa ya kubaki ni kwamba katamarani kwa mwendo wa kawaida inakunywa kama lita kumi hivi za dizeli kwa saa, na tulikuwa hatuendi mbali. Hawa mnaotaka zile boti za injini kubwa za kukimbia, zinazoinua pua, hizo zinapita lita mia kwa saa bila kuhema, APA yenu itaisha siku ya nne na mtaambiwa muongeze.

Na dalali nilimdai, msidhani nilinyamaza. Alichonijibu ni kipengele cha mkataba kwamba ratiba inategemea hali ya hewa na neno la mwisho ni la nahodha. Kipengele hicho kipo kwenye mikataba yote na ni sahihi kabisa, nahodha akisema hatuendi hatuendi, hata mimi ningekisaini tena. Lakini kufungwa kwa hifadhi sio hali ya hewa! Ni tarehe. Ipo kwenye kalenda. Baada ya barua pepe tisa nikapewa punguzo la safari ijayo nao, sawasawa na kumpa mtu aliyeumwa na mbwa tiketi ya kwenda kumwona tena mbwa. Nyota mbili nimempa kwa sababu boti aliyotupa ilikuwa ndo ile ya kwenye picha, na hilo nimeambiwa sio kila mtu anabahatika.

Mwaka uliofuata tukaenda Komodo, safari hii kalenda kwanza boti baadae. Indonesia iko chini ya ikweta upande ule kwahiyo mambo yanageuka, miezi ya ukavu ni kama Aprili mpaka Novemba, sisi tukaenda Agosti kutokea Labuan Bajo. Na kule usikodi katamarani, kodi pinisi. Ni jahazi la mbao, milingoti miwili, kwa asili matanga saba, linaundwa ufukweni Bulukumba huko Sulawesi Kusini na mafundi wasiochora ramani kwenye karatasi, kipimo kiko kichwani, UNESCO waliutambua uundaji huo mwaka 2017. Ukipanda mara ya kwanza unasikia harufu ya mbao na mafuta na unajua hiki ni chombo, kile kingine kilikuwa hoteli. Ukweli lakini niseme, matanga yake ni ya picha. Siku nne tumetembea kwa injini, siku ya mwisho wakatandaza matanga dakika arobaini droni ikaruka, wakakunja. Na kabini za chini zinanuka dizeli, lipieni za juu.

Komodo imekuwa hifadhi tangu 1980, na kwa miguu ni lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye fimbo ndefu ya panda, na ile fimbo unaicheka mpaka umwone mjusi wa karibu mita 3 anatembea kuja upande wako bila haraka yoyote. Padar mnapanda gizani mnafika juu jua linatoka, ghuba tatu chini yenu, na Agosti vilima vyote rangi ya simba. Jioni mnaegesha mbele ya kisiwa cha mikoko cha Kalong, jua likishazama popo wakubwa maelfu wanatoka mstari mrefu kama moshi, hawaishi. Maji ni safi mpaka unaogopa urefu. Ila mkondo, jamani mkondo. Bahari mbili zinasukumana kwenye vile vilango kati ya visiwa, tulipoenda kuwaona samaki taa wakubwa, wale manta, sehemu inaitwa Karang Makassar hatukuogelea, tulibebwa, unashuka huku unaokotwa kule na kiboti kinakufuata. Kwahiyo kule msiulizie mapambo ya kabini, ulizeni maboya ya kila mtu yako wapi, boti ina leseni na bima, kiboti cha pili kinafanya kazi, nahodha ana miaka mingapi maji yale. Boti zimewahi kuzama kule, sio hadithi.

Hizo hizo pinisi nyingi zikimaliza Komodo zinahamia Raja Ampat kule Papua, unaingilia Sorong, msimu ni Oktoba mpaka Aprili, na wapiga mbizi wakikaa wanaizungumzia kama watu wanaozungumzia ndoa yao ya kwanza. Sijafika. Ni mbali, ni bei mbaya, na ukishakuwa kule hakuna sehemu ya kununua kitu ulichosahau.

Watu wananiuliza Ha Long, Vietnam. Ni majabali ndugu wa yale ya Phang Nga, urithi wa dunia toka 1994, lakini usiende ukitegemea kupewa usukani, kule unapanda meli yao, kabini yao, njia iliyopangwa, na asubuhi unaamka umezungukwa na wenzio ishirini wanafanya mazoezi juu ya deki. Ufilipino, El Nido na Coron, ni pazuri mno, ila nusu ya pili ya mwaka ina tufani, lengeni kati ya Desemba na Mei. Langkawi ya Malaysia iko karibu sana na Thailand na haina ushuru wa forodha tangu 1987, nahodha wengi wanajaza stoo pale, lakini kuvuka mpaka ni karatasi za kutoka na karatasi za kuingia, na boti nyingi za kukodi haziruhusiwi kabisa kuondoka maji ya nchi yake, ulizeni kabla ya kuota. Na kama hujawahi kulala baharini hata siku moja, mimi ningekupeleka Uturuki kwanza, pwani ya Göcek, nayo ni Asia ukiangalia ramani vizuri, ukapande gulet, jahazi lao pana la mbao, mwezi wa tano au wa tisa, ghuba ziko karibu karibu, ukitapika unashushwa.

Kuendesha wenyewe bila nahodha? Inawezekana Phuket na Langkawi, utaombwa cheti au wasifu wa safari ulizowahi kuongoza, na utaacha dhamana nene. Bei inashuka sana. Lakini nikikumbuka lile pango la Panak na ule mkono juu ya mnyororo, mimi na cheti cha wiki mbili nisingejua hata kwamba kuna kitu sijakijua.

Tumeshaanza kuchanga tena, wale wale wawili bado wananisumbua. Safari hii ni Phuket, Februari, kaskazi, Similan ikiwa wazi, na tunapitia kwa mwenye boti bila dalali. Niliomba Bang ndo awe nahodha wetu, nikampelekea tarehe tatu achague. Hakuandika kitu. Alinitumia picha ya jedwali la maji kujaa na kupwa, amezungushia duara kwa kalamu nyekundu siku mbili, na pembeni amechora kayaki.